Paja Langu Lilipoota Mfupa

Ikiwa unasoma haya huku umelala chali, paja limevimba, na jikoni kuna mtu anakupashia mafuta ya simsim, tafadhali mwambie azime moto. Mwambie kwa adabu, hasa akiwa ni shangazi yako. Halafu rudi usome yaliyobaki. Mimi sikumwambia mtu azime moto, na ndiyo maana karibu kidato chote cha tatu nilikuwa na mguu mmoja unaokunjika na mwingine kama mpini wa jembe.

Naitwa Fahmi. Kwetu ni Mji wa Kale, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wanene wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Mimi na mama tunakaa ghorofa ya pili. Baba yuko Maskati, anafanya kazi. Chini kabisa ni kwa Shangazi Zuhura, dada yake baba, ambaye kazi yake ni miili ya wanawake. Mabibi harusi huwasinga kwa liwa na marashi mpaka wang'ae, na wanawake waliojifungua huwakanda kwa maji ya moto mpaka wasimame sawasawa. Mkono wake unajulikana mpaka Makadara. Hoteli moja ya ufuoni ilipofunga, akanunua jakuzi lao. Lilipita kichochoroni limesimamishwa kwa ubavu, wabebaji wakitukana, na fremu ya mlango ikabidi ing'olewe ndipo likaingia. Tangu siku hiyo akaandika "Spa" ukutani, na mabibi harusi wakaanza kuchemshwa kabla ya kusingwa.

Mwanamume aliyeruhusiwa mle ni mimi tu, tena wanawake wakishaondoka. Nikitoka kucheza mpira jioni, shangazi hunifungulia maji. Nakaa humo, mapovu yananipiga mgongoni, mpaka vidole vinakunjamana kama zabibu. Kisha ananikanda mashavu ya miguu kwa mafuta ya nazi, taratibu, huku akinipa habari za mtaa mzima. Nikipanda juu nalala fofofo. Wenzangu kwenye timu walinionea gere sana. Walipaka dawa ya misuli ile inayonuka karafuu, na mimi nilinuka kama bibi harusi, lakini asubuhi nilikuwa natembea na wao wanachechemea.

Nasema hivi ili ujue kwamba sina ugomvi na maji ya moto wala na kukandwa. Miguu iliyochoka ni miguu iliyochoka. Kosa letu lilikuwa kudhani mguu ulioumia ni mguu uliochoka zaidi.

Siku yenyewe tulicheza na vijana wa Ganjoni. Beki wao mmoja alikuwa na magoti kama nyundo, na moja lilinipata katikati ya paja. Sikusikia uchungu mwanzo. Nilisikia kama mtu amenizimia stima mguuni. Rafiki yangu Swaleh alinibeba nusu, akaniburuta nusu.

"Usilie hapa," akaniambia tulipofika penye duka la mabuyu. "Wale wasichana wanatutazama."

"Basi nibebe vizuri."

"Nikikubeba vizuri watadhani mimi ndiye mume."

Shangazi alinilaza kwenye jamvi, akapandisha bukta, akatazama. Paja lilikuwa limejaa na rangi imeanza kugeuka. Akabonyeza kwa kidole gumba, na mimi nikaiona mbingu.

"Hii ni damu imelala," akasema. "Damu ikilala ndani huharibika. Lazima itolewe."

Hayo hakuyatunga. Ndiyo kazi yake. Mwanamke akishajifungua, shangazi humkanda tumbo kwa maji ya moto na mkono mzito, siku baada ya siku, mpaka damu chafu yote itoke. Amewafanyia hivyo nusu ya kina mama wa mtaa, na wote wako hai, wanagombana madukani kila siku. Kwa hiyo akanitibu kama mzazi. Tofauti ni kwamba damu ya mzazi ina pa kutokea. Yangu ilikuwa imefungiwa katikati ya nyama, haina mlango, na kila ikikandwa inaumiza nyumba.

Ikawa kila siku baada ya alasiri: jakuzi, maji ya moto kuliko yale ya mechi, halafu mkono. Niliuma leso yake mpaka ikatoboka.

"Shangazi, inauma."

"Si ndiyo inavunjika. Isipouma utajuaje kama inafanya kazi?"

Tulikubaliana wote wawili kwamba uchungu ni dawa. Goti likaanza kukataa kukunja. Akadhani nyama imekaza, akazidisha mafuta, akawa analikunja kwa nguvu huku amenikalia kisigino. Mama akirudi kutoka kazini Shimanzi ananikuta nimejifunika, natabasamu kama shujaa, namwambia naendelea vizuri. Kisha jioni moja mkono wa shangazi ukasimama. Ukarudi nyuma kidogo, ukapita pale pale tena.

"Fahmi," akasema, "hiki kigumu ni nini?"

"Si wewe ndiye fundi?"

Hakucheka. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu shangazi hucheka hata msibani.

Hospitali tulikwenda watatu, mimi, mama na shangazi. Kwenye ukumbi wa kungojea, benchi zilikuwa zimetazamana na nafasi ya kupita ilikuwa ndogo, na mguu wangu haukukunja, kwa hiyo uliziba njia kama kizuizi cha polisi. Kila aliyeitwa na daktari ilibidi auvuke. Mama mmoja aliyekuwa na mimba kubwa alisimama mbele yake, akautazama, akanitazama mimi, akazunguka kupitia mlango wa nje.

"Kijana, kunja mguu watu wapite," mzee mmoja akanigombeza.

"Mzee wangu, ningeweza kuukunja nisingekuja hapa."

Watu wakacheka, na yule mzee naye, kisha akanisogezea mfuko wake wa maembe niweke kisigino juu yake. Tulikaa hivyo mpaka adhuhuri. Nataka ujue kwamba kwenye ukumbi wa hospitali utapata watu wa namna hiyo. Hawajui jina lako, na wanakupa maembe yao uyakanyage.

Daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga. Kando ya mfupa wa paja kulikuwa na kitu cheupe kama moshi.

"Nani amekuwa akiukanda huu mguu?"

Mama akamtazama shangazi. Shangazi akatazama mikono yake, akaiingiza ndani ya buibui.

Sitakueleza mambo ya kitabibu, kwa sababu nilielewa robo tu. Nilichoelewa ni hiki: msuli ukipondeka hivyo na ukakandwa kwa nguvu, wakati mwingine mwili unachanganyikiwa na kuanza kujenga mfupa mahali pa nyama. Nikauliza, "Daktari, ndiyo kusema nimezaa?" Daktari hakuwa mtu wa mzaha.

"Mfupa huu bado mbichi," akasema. "Ukikatwa mbichi hurudi mkubwa zaidi. Tutangoja uive. Hapana kukandwa, hapana maji ya moto, hapana kulazimisha goti. Katikati tutapiga picha ya kuuangalia, na kaskazi ikirudi, mwisho wa mwaka, tutapiga ya mwisho. Goti likiwa bado halikunji, tutapasua tuutoe."

"Na mkipasua?"

"Ule msuli unaweza usirudi na nguvu zake. Mpira itabidi usahau."

Hivyo ndivyo nilivyofungwa. Kilichokuwa kikingojewa kilikuwa kimoja tu, goti likunje kabla ya kisu. Na nilichoruhusiwa kufanya ili likunje, kwa miezi ile ya mwanzo, kilikuwa karibu na hakuna.

Kurudi tulipanda tuk-tuk, mguu ukiwa umetokeza nje kama bomba. Pale Makadara mchuuzi mmoja akautundikia mfuko wake wa plastiki kwenye kidole, akidhani tunafanya mzaha. Mlangoni mama akashuka, akamlipa dereva.

"Wifi," akasema bila kugeuka, "ahsante kwa yote. Kuanzia leo mwanangu humgusi."

"Ni mtoto wa ndugu yangu."

"Ndugu yako yuko Maskati. Mguu uko hapa."

Ngazi za nyumba za Mji wa Kale unazijua, au kama huzijui, fikiria ngazi ya kupandia mnazi iliyofungiwa ndani ya kabati. Kwenye kona mguu ulionyooka haugeuki. Ilibidi nipande kwa makalio, kinyumenyume, mama akiubeba mguu kama mtu aliyeshika mkia wa mkizi mkubwa. Tulipofika juu sote tulikuwa tumelowa jasho. Ikakubaliwa kwamba sishuki tena ila kwa hospitali.

Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, na ni karibu hata nikinyoosha mkono naweza kumwibia nguo. Nilizijua chupi zao zote. Nilijua wanapika nini, wanagombana kwa nini, na ni nani anayepiga kelele kwanza. Mvua za masika zilianza, nguo zikaondolewa, nikabaki na ukuta. Ukuta ukiutazama sana nao unaanza kukutazama. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na kwa heshima ya msomaji sitaendelea. Nitasema tu kwamba mama alichukua kiti cha plastiki, akakitoboa katikati kwa kisu cha moto, na siku hiyo tulicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia, halafu akaenda kuosha vyombo.

Paja lilianza kuyeyuka. Nyama za juu ya goti ziliondoka, ngozi ikalegea, na katikati kile kigumu kikatokeza kama muhogo uliosahaulika ardhini. Mguu wa pili, uliofanya kazi zote peke yake, ulinenepa. Nikivua nguo nilionekana kama nimeazima miguu kwa watu wawili tofauti. Swaleh alileta daftari za shule na habari za timu. Akikaa sana nachukia kwa sababu atasimama aende, na akikaa kidogo nachukia kwa sababu ameshakwenda. Nikamwambia asije. Akaendelea kuja, akajifanya kiziwi.

Mama na shangazi walikuwa hawasemezani, nami nikawa posta.

"Fahmi," shangazi anaita kutoka chini ya ngazi, "umekula?"

"Mwambie umekula," mama anasema.

"Mama asema nimekula."

"Mwambie mamako sikumuuliza yeye."

Baba akipiga simu namweleza. "Mpe shangazi yako salamu," anasema. "Mpe mwenyewe, baba, simu anayo." Hapo mtandao wa Maskati unaharibika ghafla.

Mwanzoni, chini kulikuwa bado na sauti. Jakuzi linanguruma, wanawake wanacheka, harufu ya udi inapanda mpaka kwangu. Nilikuwa nachukia ile harufu. Kisha baada ya Idd ya kuchinja, kusi likivuma na usiku ukiwa na ubaridi, nikagundua kwamba sijaisikia kwa siku nyingi. Nikamuuliza Swaleh.

"Hakandi tena," akasema. "Bibi harusi wa kule Kuze alikuja na mamake, shangazi yako akawaambia waende kwa mwingine. Akasema haiamini tena mikono yake."

Nilijifanya nachagua kalamu. Kumbe tulikuwa wafungwa wawili katika nyumba moja, mmoja juu na mmoja chini, na kosa letu lilikuwa moja, na hakuna aliyeweza kumtembelea mwenziwe.

Picha ya pili ilipopigwa, moshi ulikuwa umekuwa jiwe, lakini haukuwa umezidi. Daktari akaruhusu mazoezi madogo, akanipeleka kwa Bi Kadzo. Bi Kadzo ni Mgiriama mfupi, na shingoni ana msalaba mdogo. Kazi yake ni kurudisha viungo kazini. Alikuwa na kipimo cha plastiki kama rula mbili zilizopigwa msumari pamoja, na alikiweka kwenye goti langu kila nilipokwenda. Sijawahi kuchukia mtihani wa hesabu kama nilivyokichukia kile kirula.

"Kunja mpaka uchungu uanze," aliniambia. "Si mpaka uishe. Ukiuona unakuja, simama, mwamkie, rudi."

"Nimwamkie vipi?"

"Sabalkheri inatosha."

Nikawa nakunja goti kitandani, nasema sabalkheri, narudi. Mama alidhani nimepata wazimu. Goti likaanza kutoa nafasi, kidogo sana, kama mtu anayesogea kwenye benchi bila kupenda. Halafu likagoma. Wiki zikapita na kirula kinaonyesha pale pale. Miezi ya kusi ilikuwa inakwisha. Mimi nilikuwa natazama bendera ya jirani, yaani shuka la maua aliloanika dirishani baada ya mvua, kuona upepo unageuka lini, kwa sababu upepo ukigeuka ni kisu.

"Sasa yangemfaa maji ya vuguvugu," Bi Kadzo akamwambia mama. "Mguu ukielea, goti husahau kujilinda. Hapa hatuna bwawa. Kuna mahali mnaweza kupata?"

"Nina jakuzi," nikasema.

"Hapana," mama akasema.

"Kweli analo?" Bi Kadzo akauliza.

"Ndilo lililomfanya hivi."

"Mama, maji hayakumfanya kitu. Iliyomfanya ni mikono iliyokuwa na haraka, na wakati ule mguu ulikuwa mbichi. Sasa umetulia. Yawe ya vuguvugu, mapovu yazimwe, asiguswe na mtu."

Mama alifikiria njia nzima. Tulipofika, hakunipandisha. Aliniegemeza ukutani, akagonga mlango wa shangazi.

"Hodi, wifi."

Nikadhani hayumo.

"Karibu."

"Nimekuja kuomba maji."

"Ya kunywa?"

"Ya Fahmi."

Shangazi akafungua. Alikuwa amekonda. Alipojua tunachotaka akaanza kutikisa kichwa. "Siwezi, wifi. Mara ya kwanza nilidhani najua. Nikimharibu tena nitamwambia nini ndugu yangu?"

"Hutamgusa," mama akasema. "Utakaa pale. Mimi nitakaa hapa. Maji ni yako, macho ni yangu."

Mama ndiye aliyepima maji kwa kiwiko, kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Nikaingia na bukta yangu. Mguu ule mwembamba ukapanda wenyewe, ukaelea, na nikahisi kitu ambacho sikukihisi tangu mechi ile, uzito umeondoka. Nilikunja. Uchungu ukaja, nikamwamkia, nikarudi. Nikainua macho: shangazi amekaa kwenye kibao, mikono yake yote miwili ameikalia.

Tuliendelea hivyo kila alasiri mama akishatoka kazini. Hakuna aliyesema samahani. Mwanzo walizungumza kwa kupitia kwangu, kisha nikawa nazama masikio majini makusudi, ikabidi wazungumze wenyewe. Walianza na bei ya vitunguu. Mwisho walikuwa wanamsengenya baba, nikajua ugomvi umekwisha.

Goti nalo likalegea, lakini si kwa furaha. Siku nzuri ilifuatwa na mbili mbaya. Kuna siku nilipiga maji kwa ngumi, nikasema wanipasue tu yaishe, nimechoka kuishi ghorofani kama njiwa. Shangazi akasema, "Piga tena, upande huo ulikuwa haujalowa." Nikapiga tena. Kisha nikakunja.

Shuka la jirani liligeuka upande, joto likaanza, na siku ya daktari ikafika. Tulikwenda watatu. Kwenye benchi nilikaa nikaweka nyayo zote mbili chini, na watu wakapita mbele yangu kama vile si chochote.

Mfupa kwenye picha sasa ulikuwa na ukingo safi, kama ganda la yai. Umeiva. Daktari akaniambia nipande kitandani nikunje bila msaada. Nikakunja. Mguu ukapita pembe ya mtu aliyekaa kitini. Nikaendelea, uchungu ukaanza, nikamwamkia, nikasimama hapo. Kisigino kilikuwa bado mbali na makalio. Daktari akaweka kirula chake, akakitazama, akakiweka tena. Nilisikia shangazi anasoma kitu kwa kunong'ona.

"Sipasui," daktari akasema.

"Na huu mfupa?" mama akauliza.

"Utabaki nao. Haumzuii. Mpira, tutaona mwakani. Kwanza atembee, apande ngazi, aendelee na maji yake."

Huo ndio ukweli, na nakwambia wewe unayengoja picha yako: hutarudi kama ulivyokuwa. Mimi nina muhogo pajani wa kudumu, na kisigino changu hakifiki nyuma. Lakini hutabaki ulivyo sasa pia, na hilo nilipokuwa natazama ukuta hakuna aliyenishawishi.

Tulipokuwa tunatoka, shangazi akabaki mlangoni kwa daktari. "Daktari, na mimi nikitaka kumkanda siku moja?"

"Polepole, na si hapo penye mfupa," daktari akasema.

Nyumbani nilipanda ngazi kwa miguu, uso mbele, nikashuka tena kwa sababu tu ninaweza. Mlango wa shangazi ulikuwa wazi. Alikuwa anafuta jakuzi ambalo tayari lilikuwa safi.

Nikalala kwenye jamvi. "Shangazi, nikande."

Akarudi nyuma. "Sikugusi, Fahmi. Umesikia alivyosema, polepole. Mimi polepole nimeisahau."

"Si huo. Huu mzima. Umembeba mwenziwe tangu masika, na hakuna hata mmoja aliyeuambia pole."

Bado alikuwa ameshika kitambaa. Kisha akakitupa, akaenda kwenye kabati, nikasikia kifuniko cha chupa ya mafuta ya nazi. Hakuyapasha. Alipiga magoti, akaweka mikono juu ya shavu la mguu wangu mzima.

"Waumia?"

"Hapana."

"Nambie ukiumia."

"Nitakwambia."

"Nambie kweli, si ule ushujaa wako."

"Shangazi, nitakwambia."

Akaanza na kidole gumba, pole pole, kama mtu anayejifunza.